Katuni zihaririwe, zisiondolewe

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa barua wiki iliyopita, msomaji mmoja alipendekeza kwamba gazeti liondoe katuni na nafasi yake ipewe makala, kwa hoja kwamba katuni huwazoesha vijana uvivu wa kusoma, kwamba Kiswahili chake ni kibovu, na kwamba wachoraji wenyewe ni watu wa kushinda wakisikiliza muziki. Mimi ni mchora katuni wa kujitegemea hapa Tanga. Naomba nafasi nimjibu, tena bila hasira, kwa sababu hoja yake ya kwanza naikataa, ya pili naikubali kabisa, na ya tatu ni kweli ila hakuielewa. Ninachopingana nacho hasa ni dawa aliyoiandikia ugonjwa alioutaja.

Siku yangu huanza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijalipata bati la chumba ninamochorea. Chumba hicho kiko uani mwa nyumba yetu Ngamiani. Meza yangu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na dirisha linatazama barabara ambako baiskeli hupita kwa wingi unaowashangaza wageni wa mji huu. Hadithi ninayoichora sasa inamhusu fundi baiskeli mzee na mjukuu wake, na haikunilazimu kwenda mbali kuitafuta. Huchora kwa penseli kwenye karatasi ya A3, kisha hupitisha wino, kisha hufuta penseli, na kazi ikishakauka huipeleka steshenari ikaskaniwe na kupunguzwa hadi A5. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo toleo la kurasa 24 linahitaji karatasi sita, zilizotolewa kopi pande zote mbili na kubanwa pini mbili mgongoni. Kwa bei ninayotozwa, kurasa za ndani hunigharimu shilingi 1,200 na jalada la rangi 500, nami huuza nakala moja kwa 2,500. Toleo la nakala 60 likiisha lote hunibakishia shilingi 48,000 kwa kazi ya wiki sita, kabla sijanunua bando wala kulipia vifurushi vinavyopanda basi kwenda Dar es Salaam na Arusha. Kinachonilisha ni vibao vya saluni, kadi za harusi na kuta za shule za chekechea, ambazo nimezichorea twiga wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nimetaja hesabu hizo kwa sababu mtu anayelipwa kiasi hicho hana sababu ya kuendelea isipokuwa anaipenda kazi yenyewe, na kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani, ni kazi ya maneno. Anayeamini kwamba maneno ya katuni huandikwa hivi hivi tu na ajaribu siku moja kuliingiza neno “nisingalimsindikiza” ndani ya fremu, yaani kisanduku cha mchoro mmoja, yenye upana wa sentimita 6. Neno hilo lina herufi 19. Herufi yangu ikishachapwa huchukua kama milimita 3 pamoja na nafasi yake, kwa hiyo neno moja tu linakula milimita 57, na anayelitamka bado hajapata pa kuweka kichwa. Kiswahili hukusanya mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo mahali pamoja, na kifurushi hicho hakikatwi ovyo, kwani ukiliacha “nisingalim” juu na kulishusha “sindikiza” mstari wa chini, msomaji hujikwaa na kicheko ulichokuwa ukimwandalia kinapotea.

Kwa hiyo kila sentensi hupimwa, na hapo lugha ya nyumbani hunifaa sana. Mtu wa pwani huku hasumbuki kusema “wenda wapi” badala ya “unakwenda wapi”, nami huwa nimeokoa herufi nne na papo hapo fundi wangu amezungumza kama mzee wa barazani. Nimejifunza pia kutoka kwa washairi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na baada ya miaka ya kufuta na kuandika upya nimegundua kwamba kipande cha mizani nane hukaa ndani ya kiputo kimoja cha maneno bila kubanwa, maneno mawili juu na moja chini. “Nani kaificha raba” ni mizani nane. “Hivi wewe waniona” ni mizani nane. Pengine si ajabu mtu kuhesabu mizani katika mkoa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, ingawa sidhani kama yeye alihesabu kwa ajili ya mafundi wanaogombania viraka vya tairi.

Sasa, msomaji wa kazi ya namna hiyo anakuwaje mvivu? Anasoma maneno, anasoma uso wa anayesema, anasoma mkono uliofichwa nyuma ya mgongo, na katikati ya fremu moja na nyingine analazimika kujaza mwenyewe jambo ambalo sikulichora. Katika toleo lililopita fremu moja inamwonyesha mjukuu akiitazama baiskeli ya mteja, na fremu inayofuata inaonyesha kijiti cha kuiegemezea baiskeli kimebaki chini peke yake. Nilimwona kijana wa boda akirudia kurasa tatu nyuma ili ahakikishe kama mteja alikuwa ameonekana akiondoka. Huko nako ni kusoma.

Nije kwenye Kiswahili kibovu, ambacho hakina utetezi. Mwaka fulani nilitoa toleo la nakala 60 bila mtu mwingine yeyote kulisoma kabla ya kuchapwa, na nakala moja akainunua mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Baada ya siku tatu nilimwona amesimama mlangoni, nakala mkononi. Nikamwamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akaitikia, akaomba kiti, kisha akaniwekea kijitabu changu juu ya meza kikiwa kimezungushiwa wino mwekundu mahali 14. “Ameludi.” “Alafu.” “Kwahiyo”, neno moja. “Inamaana”, neno moja. Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni, kwa sababu makosa yale nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu, herufi moja moja, tena kwa madaha.

Kilichonigeuza kilikuwa ukurasa wa 17. Mjukuu anateleza gatini na kutumbukia baharini, nami juu ya maji yaliyoruka nilikuwa nimeandika kwa herufi nene, zenye kivuli, BUUUM. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mmoja tu juu yake na pembeni ameandika kwa mwandiko mdogo wa ubaoni: chubwi.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hapa pamelipuka bomu?”

Nikamweleza kwamba katuni zote za nje nilizozitazama utotoni ziliandika sauti za namna hiyo. Akasema hilo halimhusu, kwa kuwa huyu mtoto ameanguka Tanga. Akanihesabia kwa vidole: ukianguka mchangani ni tifu, matopeni tapwi, majini chubwi, sakafuni pu. Mvua ikikunyeshea unalowa chapachapa, usingizi ukikuchukua unalala fofofo, mlango unafungwa ndi, giza ni totoro na kimya ni jii. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau, kwamba kimya hicho cha jii mimi hukichoraje. Sikuwa na jibu. Wakati huo nilikuwa sijawahi kuchora kimya, kwani fremu zangu zote zilikuwa na mtu anayepiga kelele.

Tangu siku hiyo nina daftari kubwa la kaunta ninamokusanyia tanakali za sauti. Nimekaa asubuhi nzima kwenye kibanda cha fundi baiskeli halisi nikimsikiliza, si vyuma tu, bali jinsi yeye mwenyewe anavyovisimulia: tairi lake likitoboka hupiga fyooo, mnyororo ukiruka meno hulia kacha, na baiskeli isiyo na kasoro hupita kimya, jambo ambalo kwake ndilo sifa kubwa kuliko zote. Sauti hizo sasa ni sehemu ya mchoro. Chubwi ya jiwe naiandika kwa herufi ndogo zinazozama, na chubwi ya mtoto mzima hujaza nusu ya fremu, nayo herufi ya mwisho huwa imeshalowa. Nimeona watoto wakiitamka kwa sauti wanapofika pale, wakati BUUUM waliipita bila hata kupepesa.

Kuhusu muziki, nimeahidi kulieleza jambo hilo na nitalieleza, kwa sababu limo ndani ya kazi. Nina spika ndogo ya kadi ya kumbukumbu ambayo haizimwi isipokuwa wakati mmoja, nao ni wakati wa kuandika maneno. Sababu ni ajali iliyowahi kunipata: nikiwa katikati ya ugomvi wa fundi na mteja kuhusu pampu, huku taarabu ikilia pembeni, nilijikuta nimemwandikia fundi maneno ya mtu aliyeachwa na mpenzi wake, kwa wino, kwenye ukurasa uliokwisha kukamilika. Taarabu hainihurumii kwa sababu maneno yake ni ya kusikilizwa. Mimi ni mtoto wa mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza magitaa ya umeme kwenye taarabu ya pwani, na mji uliomsikia mwimbaji Shakila kabla nchi nzima haijamjua, kwa hiyo nyimbo hizo zikianza siwezi kuzifanya kelele ya pembeni. Huzisikiliza jioni, kalamu ikiwa imefunikwa.

Wino huupitisha kwa muziki wa dansi. Nazipenda bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilizokuwa watani wa jadi hapa hapa mjini, nampenda mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kabla mimi sijazaliwa, na bendi ya Mlimani Park ndiyo iliyonifundisha kupanga ukurasa. Yeyote anayeujua muziki huo anajua kwamba wimbo huanza kwa utulivu: beti zinaimbwa, kisa kinaelezwa, magitaa ya solo, rithimu na besi yananong’onezana chini ya waimbaji, na tarumbeta zinaingia zinapoitwa tu. Kisha wimbo unafika mahali unapopasuka na kuingia kwenye chemko, maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani na watu wote wanasimama kucheza. Nilikuwa nikianza hadithi zangu kwa chemko na kuzimaliza kwa chemko, na msomaji alichoka ukurasa wa sita. Sasa kurasa 16 za mwanzo huzipa fremu pana na mazungumzo yasiyo na haraka, na chemko huianza ukurasa wa 17 au wa 18, fremu tisa ndogo ndogo kwa ukurasa, bila mazungumzo, tanakali tupu. Kimya cha jii nacho nimekipata huko huko kwenye dansi, pale vyombo vyote vinaponyamaza kwa pigo moja kabla ya gitaa la solo kurudi. Nikitaka jii, naacha fremu moja nyeupe isiyo na kitu ila baiskeli iliyolala na gurudumu linalozunguka.

Singeli ya jirani sikuichagua, lakini inanifikia, na kwa mapigo yanayovuka 200 kwa dakika haimfai mtu anayejaza weusi kwa brashi. Kurasa zangu mbili zina usiku uliomwagika nje ya fremu kwa sababu hiyo. Hata hivyo kijana anayeipiga ndiye mnunuzi wangu wa kwanza wa kila toleo, basi nimeamua kuyachukulia yale madoa kama kodi.

Nirudi kwenye gazeti. Magazeti ya Kiswahili ndiyo yaliyoilea katuni katika nchi zetu. Mhusika Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory alizaliwa katika gazeti la Uhuru, na wenzetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi ndani ya Taifa Leo. Jarida la Sani nalo liliwapa watu wa umri wa wazazi wangu Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili, ambaye jina lake peke yake ni somo la msamiati, kwani mtoto aliyemfuatilia mhusika huyo hakuhitaji kuelezwa maana ya mtu wa kuuma huku na huku. Msomaji mwenzangu anapotaka katuni ziondolewe ili Kiswahili kinusurike, anasahau kwamba wengi wanaolisoma gazeti leo walishikwa mkono mpaka kwenye makala na wahusika wa namna hiyo.

Lakini makosa anayoyaona yapo, nami najua yanakoingilia. Niliwahi kuchorea gazeti moja, ambalo sitalitaja, kwa muda wa miezi minne. Makala iliyofika siku hiyo hiyo na katuni yangu ilisomwa na watu watatu. Ilisahihishwa, ikafupishwa, ikarudishwa, ikasomwa tena. Katuni yangu ilipokelewa kama picha. Ilipimwa upana na urefu, ikawekwa mahali pake, na maneno yake hayakusomwa na mtu yeyote mpaka gazeti lilipofika mtaani, ambako wasomaji waliyasoma vizuri sana na kunipigia simu. Mara mbili upande wa kulia ulipunguzwa ili tangazo lipate nafasi, na saini yangu ikaondoka pamoja na kipande hicho, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua michoro kuwa kazi na mchoraji kuwa mwenye haki ya kutajwa. Sikulalamika wakati ule, kwa kuwa nilihitaji ile hela, na kwa kuwa katika mojawapo ya katuni hizo nilikuwa nimeandika “kuandarika”, basi upande fulani wa moyo ulishukuru.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Katuni ipitie meza ile ile ya lugha inayopitiwa na tahariri na habari za michezo. Mchoraji atakiwe kuleta maneno yake kwenye karatasi ya pembeni, yaliyoandikwa kwa mfuatano wa fremu, siku mbili kabla ya kupitisha wino, ili mhariri ayasome wakati bado yanafutika. Jambo hilo halina gharama ya mtambo wala ya mtaalamu mpya, kwa kuwa meza hiyo mnayo tayari na aliyeikalia anakijua Kiswahili. Kutakuwa na ubishi, najua. Mhariri atataka “unakwenda wapi” nami nitang’ang’ania “wenda wapi”, kwa sababu ya upana wa fremu na kwa sababu fundi wangu hasemi vingine, na siku nyingine yeye ndiye atakayekuwa na haki. Ubishi wa namna hiyo nautamani. Kwa miaka yote hii nimebishana na mtu mmoja tu, mwalimu wangu mstaafu, ambaye macho yake sasa yanamsumbua na husoma kurasa zangu kwa kuzisogeza dirishani.

Yeye huendelea kuzipitia hata hivyo, kurasa tano kwa siku, na malipo yake ni kahawa na nakala ya bure. Toleo la mwisho lilirudi na alama tatu tu nyekundu, moja ikiwa ni swali: kama baiskeli isiyo na breki ikiingia kwenye rundo la mkonge italia tifu au la. Tulilijadili jioni nzima bila kuafikiana.

Nimeambatanisha kwenye barua hii ukurasa mmoja wa hadithi hiyo, ule wa mkonge, ukiwa bado wa penseli. Mkiona unafaa kuchapwa, msiuchape kwanza. Nirudishieni ukiwa na wino mwekundu.

Mchora katuni wa kujitegemea,
Ngamiani, Tanga.
(Jina na anwani anavyo mhariri)